Milango ya Jumba la Kitelewe

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Dar es Salaam, kabla hujafika Mikese, kuna njia ya vumbi mkono wa kulia inayopanda kuelekea milima ya Uluguru. Inapita kwenye mkonge uliogeuka kichaka, inavuka kijito, kisha inakoma mbele ya nyumba ambayo mgeni lazima aitazame mara mbili. Paa lake limeinuka mno, refu kuliko kuta zinazolibeba. Vidirisha vidogo vimechomoza katikati ya vigae, na kila pembe ya mbele ina mnara mnene wenye paa lake peke yake. Huko lilikotoka, paa la namna hiyo hujengwa ili theluji iteleze. Hapa Kitelewe halijawahi kubeba kitu kizito kuliko popo. Wenyeji wanaiita nyumba hiyo Jumba, basi.

Asubuhi moja ya Agosti 1996, mwanamke aitwaye Eufrazia alisimama kwenye ngazi za mbele za Jumba akiwa na kishada cha funguo mkononi. Funguo zilikuwa nyingi. Milango ya kufunguliwa nazo haikuwepo.

Gari la shirika la umma lililomiliki shamba lilikuwa limeegeshwa uani, na ndani yake ameketi askari polisi. Afisa wa shirika, Bwana Mohamedi, alikuwa amekwisha kumweleza jambo lenyewe bila kuzunguka. Shamba linauzwa kwa mtu binafsi. Nyumba inakabidhiwa leo. Milango yote ya ndani, pamoja na mbao za madirisha ya ghorofani, haionekani, na mtunzaji wa nyumba ni yeye. Aseme ilipo kabla ukaguzi haujaisha, au aondoke na askari kama mwizi.

Eufrazia, Mluguru wa Matombo aliyekuwa akikaribia miaka sitini, alijibu, "Nimekusikia, baba."

Mkaguzi wa upande wa mnunuzi alikuwa msanifu majengo kutoka Dar es Salaam, kijana aliyeitwa Eustace. Alimwamkia Eufrazia shikamoo, akapokea marahaba yake, akaomba aonyeshwe nyumba kuanzia ukumbini. Hakuwa na haraka, na aliipenda nyumba tangu alipoiona. Hilo lilizidi kuiharibu siku, kwa sababu kila alichokisifu kilionyesha thamani ya kilichokosekana.

Aliyeijenga alikuwa Mfaransa aliyeitwa Delatre, aliyekuja kulima mkonge kati ya vita mbili kuu. Kwao, katikati ya Ufaransa, baba yake alikuwa na nyumba ya shamba kando ya mto. Haikuwa ngome wala kasri. Ilikuwa makazi ya mwenye ardhi, mbele pa kupokelea wageni, nyuma pa kazi: ua wa mawe, zizi la farasi, mnara wa njiwa. Nyumba hiyo ilirithiwa na kaka yake mkubwa. Delatre alipofanikiwa kwenye mkonge aliijenga upya kwa kumbukumbu, akichora ardhini kwa fimbo mbele ya mafundi wa Kiluguru. Mawe yalitoka mtoni, vigae vilichomwa palepale shambani, mvule ukaletwa kutoka Kilombero. Akajenga na meko ya ukutani katika kila chumba kikubwa, kwenye nchi ambako watu hulala madirisha wazi. Meko hayo hayakupata kuwashwa.

Eustace alimweleza Mohamedi kwamba nyumba za aina hiyo hazina korido. Chumba kinaingia chumba. Milango yake, ya mbawa mbili, imepangwa katika mstari mmoja, hivyo ikifunguliwa yote, mtu aliyesimama chumba cha kulia anaona mwanga wa dirisha la mwisho kabisa. "Milango ndiyo uti wa mgongo wa nyumba hii," alisema.

Mohamedi aliitikia kwa kichwa, akamtazama Eufrazia.

Walipita ukumbini, ambako fremu ilikuwa tupu. Maktaba, tupu. Chumba alichokuwa akilala mke wa Delatre, tupu. Eustace alipitisha kidole kwenye tundu za bawaba. "Umetolewa na fundi huu," alisema. "Fremu haina hata ufa."

"Mwizi fundi," Mohamedi alisema.

Eufrazia alizitazama funguo zake. Fundi huyo alikuwa Kondo, seremala wa shamba, marehemu mumewe.

Mohamedi naye alikuwa na sababu ya kuwa mkali. Miaka yote ambayo Jumba lilikaa tupu, ni yeye aliyekuwa akithibitisha kwa wakubwa wake kwamba nyumba iko kamili, na alithibitisha hivyo bila kutoka ofisini mjini. Mwizi asipopatikana Kitelewe, angetafutwa Morogoro.

Walipotoka kwenye ua wa nyuma, watu wa kambi ya wafanyakazi walikuwa wameshajikusanya karibu na mnara wa njiwa. Mohamedi aliwauliza kwa sauti ya mkutano wa hadhara kama kuna anayejua milango ilikokwenda. Hakuna aliyejibu. Jirani mmoja, Felista, ambaye Eufrazia alimpokelea watoto wote alipojifungua, alitazama chini. Kisha akaokota ndoo yake, akaenda zake kwa njia ya kijitoni. Eufrazia alimfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya mkonge.

Na milango ilikokwenda, Kitelewe nzima ilikuwa inajua.

Tangu siku za Delatre shamba lilikuwa na kawaida moja: mfanyakazi akifa, shamba linatoa mbao. Wengi wa wakata mkonge walikuwa manamba, watu wa Tabora, Songea, Njombe na Kigoma, wasio na ukoo karibu wa kuwazika. Mkristo alipata jeneza. Mwislamu alipata mbao za kufunika mwanandani, ili udongo usimwangukie. Azimio la Arusha lilipoligeuza shamba kuwa mali ya umma, shirika lilirithi kawaida hiyo pamoja na mkonge. Halafu ikaja ile miaka ya mwanzo ya themanini, sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, kiwanda cha mbao kimesimama kwa kukosa dizeli. Masika moja akafa mkata mkonge Mngoni, na ghala la shamba halikuwa na ubao hata mmoja. Kondo alikaa na maiti ile asubuhi nzima. Mwishowe akamwomba mkewe funguo za Jumba. Shamba linatoa mbao, alimwambia, na hizi nazo ni mbao za shamba.

Mlango wa kwanza ulitoka chumba cha nyuma kabisa, kisha misiba ikausogelea ukumbi. Felista alimzika kifungua mimba wake ndani ya mbao za dirisha la ghorofani.

Lakini Kitelewe ubao wa msiba hausemwi. Anayetoa hasemi ametoa, anayepokea hasemi ahsante. Kuutaja ni sawa na kuudai, na kuudai ni kumwambia marehemu arudishe alichofunikwa. Asubuhi ile, kwa hiyo, Eufrazia alizungukwa na watu ambao kila mmoja angeweza kumwokoa kwa sentensi moja, na kila mmoja aliimeza. Naye aliimeza ya kwake.

Mtu pekee anayeruhusiwa kusema lisilosemwa mbele ya kaburi ni mtani. Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu misafara ya wapagazi ilipokuwa ikipita hapa kwenda pwani. Mtani ndiye hulala ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na ndiye humsema marehemu kwa ubahili wake mbele ya mjane mpaka mjane acheke huku analia. Mtani wa Kitelewe alikuwa Yunusi, mzee wa Tabora aliyekata mkonge mpaka mgongo ukakataa, na siku hiyo alikuwa kwenye tanuri lake la mkaa ng'ambo ya kijito. Eufrazia hakumtuma mtu. Kumwita mtani akusemee ni kama kusema mwenyewe.

Ukaguzi ulikuwa umefika jikoni, chumba cha mwisho, Yunusi alipotokea uani, mweusi kwa vumbi la mkaa. Felista alikuwa nyuma yake, ndoo bado haina maji.

"Yuko wapi mtumwa wangu?" Yunusi aliuliza. "Nimeambiwa Mluguru anaondoka kwa gari. Nikasema uongo huo, Mluguru akipanda gari si anatapika?"

"Rudi kwenye mkaa wako, Mnyamwezi," Eufrazia alimjibu. "Huna mzigo kichwani leo, utaanguka."

Mohamedi alimwamuru mzee akae pembeni. Yunusi akasogea mbele.

"Wewe ndiye unayetafuta milango? Nifuate. Wa maktaba anao Salum mpishi. Alikuwa mnene kama pipa, tukamwongezea na mbao za dirisha maana hakuenea. Wa chumba cha mke wa Mfaransa anao mtu mmoja wa Kigoma ambaye hata jina lake hakujua kuliandika, sasa amelala kama waziri. Na huyu," alimnyooshea kidole Felista, "mwanawe ana dirisha la ghorofani. Anachungulia anavyotaka."

Felista alifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka. Mama mmoja nyuma yake alicheka waziwazi, akajipangusa machozi. Eustace alikuwa ameacha kuandika. Aliuliza polepole watu hao wako wapi, na Yunusi akamwonyesha kwa kidevu mteremko ulio nyuma ya zizi, ambako misalaba ya miti na mawe ya vichwani vilikuwa vimesimama pamoja katika nyasi.

Walikwenda wote. Mohamedi alitazama makaburi, akasema hiyo ni hadithi nzuri, lakini hadithi haifungi hesabu ya shirika. Kama ni kweli, kaburi moja lifukuliwe, mbao zionekane.

Watu wakakaza miguu. Mwanamume mmoja wa nyuma aliinama akaokota jiwe, akalishika tu. Yunusi aliliendea kaburi la Salum mpishi, akajilaza juu yake chali, mikono kifuani.

"Anza na mimi," alisema. "Mimi bado nina joto, nitakupa ushirikiano."

Hakuna aliyecheka safari hii. Askari, ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu afike, alivaa kofia yake vizuri na kumwambia Mohamedi kwamba kaburi halifukuliwi bila amri ya mahakama, na yeye hana amri hiyo. Kisha akamgeukia Eufrazia. Alimwambia kwa adabu kwamba maneno ya mtani si ushahidi. Funguo ziko kwake, na kama yeye mwenyewe hana la kusema, itabidi waende.

Ubao wa marehemu hausemwi. Lakini palikuwa na ubao mmoja ambao mwenyewe alikuwa hai.

"Njooni," Eufrazia alisema.

Aliwapeleka kwenye chumba chake, nyuma ya jiko la Jumba, mahali walipolala zamani wapishi wa Delatre. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja. Aliondoa shuka, akalikunja. Akaviringisha godoro, akalisimamisha ukutani. Chini yake, juu ya makreti mawili, palikuwa na bawa moja la mlango wa chumba cha kulia. Eustace alipiga magoti akachungulia upande wa chini, na kwa mara ya kwanza siku ile akaona nakshi ya milango ya Jumba. Delatre alikuwa ameagiza vichala vya zabibu. Mafundi, ambao hawakuwa wamewahi kuona zabibu, walichonga zambarau, na majani yake marefu.

Upande wa juu, aliokuwa akiulalia, ulikuwa na mistari ya penseli ya seremala.

Eustace aliisoma kama anavyosoma mchoro wowote. Akaweka kidole. "Huu upande wa kichwani. Hizi mbavu. Hapa ndipo mabega..." Alimtazama Eufrazia mabegani, kisha akaondoa macho haraka.

"Alinipima nimesimama, jikoni hapo," Eufrazia alisema. "Alisema shamba linakufa, mbao hazitakuwepo tena. Huu ndio uliobaki. Akaniambia usiutoe kwa mtu, hata kwangu."

"Yeye mlimzika na nini?" Eustace aliuliza.

Yunusi alijibu kutoka mlangoni. "Mkeka."

Mohamedi aliinama akapitisha kidole gumba juu ya mstari mmoja, kama anayejaribu kama utafutika. Haukufutika. Alisema, si kwa ukali tena, kwamba shirika lilikuwa likitoa mbao, halikutoa milango.

"Mwaka ule lilitoa nini, baba?" Eufrazia aliuliza.

Eustace ndiye aliyesema kwamba tajiri wake ananunua nyumba kama ilivyo, na kwamba sehemu ya milango iandikwe kuwa ilitumika kwa mazishi ya wafanyakazi. Mohamedi alifikiri, akaandika kuwa imechakaa. Alitia sahihi akiwa amesimama. Muda mfupi baadaye gari la shirika liliteremka kuelekea barabara kuu, na nafasi iliyotengwa kwa Eufrazia ilikuwa imekaliwa na faili.

Watu wa kambi walidhani mambo yamekwisha. Eufrazia alikuwa ameshaanza kulikunjua godoro Eustace aliporudi chumbani na kusimama kizingitini, kama mtu anayekuja kuposa. Alieleza kwamba nyumba itakuwa hoteli. Milango itachongwa upya, lakini hakuna picha inayoonyesha nakshi wala kipimo cha mbao zake. Ushahidi wote uliobaki duniani ulikuwa chini ya godoro hilo. Aliomba autumie kama kielelezo, kisha ukae mahali pake pa zamani, chumba cha kulia.

Eufrazia alikaa juu ya kreti. Alikuwa amenusurika kituo cha polisi, na sasa alikuwa anaombwa jeneza lake na mtu mwenye heshima. Eustace akaanza kuomba radhi.

"Nakuazima," Eufrazia alisema. "Siuzi. Siku yangu ikifika, ufunguliwe."

Eustace aliahidi. Alikiri pia kwamba jambo hilo hawezi kuliandika popote, kwa kuwa tajiri wake asingelielewa.

"Ahadi ya msomi ni kama bati," Yunusi alisema. "Mvua ikinyesha inapiga kelele tu. Nitaufungua mimi."

Hoteli ilianza kupokea wageni miaka miwili baadaye. Mafundi kutoka Mafiga walichonga milango yote upya, na Eustace aliwakataza wasiigeuze zambarau kuwa zabibu. Aliwakataza pia kugusa kwa randa upande wa nyuma wa lile bawa la zamani. Likapakwa vanishi juu ya mistari ya penseli, na wageni wakawa wanaulizana kama ni ramani. Eufrazia alihamia nyumba ya kambini. Jumapili akitoka misa alipita kwa mlango wa jikoni, akawasalimu wapishi, akasimama chumba cha kulia kidogo, akaenda zake.

Alifariki katika masika ya mwaka 2004. Eustace alikuwa ameshakwenda kufanya kazi nje ya nchi, na hoteli ilikuwa na meneja mpya asiyejua lolote. Asubuhi ya mazishi, wageni wakiwa kwenye chai, Yunusi aliingia chumba cha kulia akiwa na kanzu safi na bisibisi. Alikuwa mzee sana sasa. Aliweka kiti kando ya fremu, akapanda, akaanza na bawaba ya juu.

Meneja alimfuata na kumuuliza kwa upole anafanya nini.

"Nachukua kilichoazimwa."

Meneja alisema atamwita mlinzi. Mlinzi alikuja. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Felista, aliyezaliwa baada ya yule wa dirisha. Alimtazama meneja, akamtazama mzee akitetemeka juu ya kiti, akavua kofia yake ya kazi na kuiweka mezani kati ya vikombe. Kisha akaenda kulishika bawa kwa chini ili lisimwangukie mzee. Wahudumu wawili waliweka sinia zao wakamfuata. Meneja alirudia kwamba hiyo ni mali ya hoteli na kwamba wote watafukuzwa kazi. Hakuna aliyembishia. Walilitoa bawa kwa mlango wa mbele, wakashuka nalo ngazi za mawe za Delatre, upande wa mistari ukiwa juu.

Seremala wa kambi hakuhitaji kupima. Alikata palepale Kondo alipochora, na Eufrazia alienea.

Kaburini Yunusi alikataa kusaidiwa kusimama. Padri alipomaliza sala, mzee aliinama juu ya shimo akizungumza na aliyekuwa ndani.

"Nenda, mtumwa wangu," alisema. "Ukifika huna haja ya kupiga hodi. Mlango unao mwenyewe."

Meneja hakumfukuza mtu, ila naye hakuagiza bawa jingine. Mlango wa chumba cha kulia wa Jumba la Kitelewe una upande mmoja mpaka leo.